Waliotazama Vita kutoka Paani: Baa ya Caravelle, Saigon

Mwaka 1959 ghorofa kumi zilikuwa mbingu katika mji wa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini ya wakati ule. Mkesha wa Krismasi wa mwaka ule, hoteli ya Caravelle ilifungua milango yake kwenye uwanja wa jumba la opera, katikati kabisa ya mji, ikiwa na marumaru kutoka Italia, jenereta yake yenyewe na vioo vya kuzuia risasi. Jina ililichukua kwa ndege mpya ya jeti ya Wafaransa, na shirika la Air France lilikuwa na ofisi pale chini. Kilichofanya itajwe hadi leo, lakini, ni baa iliyokuwa juu paani. Mtu aliyeketi pale aliuona mto ukijipinda kandokando ya mji, vigae vya nyumba za Kifaransa, mabati ya mitaa ya walalahoi, na ng'ambo ya mto uwanda wa mpunga na matope ulioishia kwenye giza.

Miaka sita baadaye, kwenye giza lile kulikuwa na vita, Vietnam Kusini na Marekani wakipigana na wakomunisti wa Kaskazini na waasi waliowaunga mkono, na baa ilikuwa imejaa waandishi wa habari. Mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani, yaani NBC, ABC na CBS, yaliweka ofisi zao ndani ya Caravelle. Balozi za Australia na New Zealand nazo zilikuwa humo humo. Jioni ripota alimaliza kazi, akapanda lifti, akaagiza kinywaji chenye barafu, akageuza kiti kuelekea upeo wa macho. Ndege zilidondosha mianga iliyoshuka polepole kwa parachuti, ikamulika mashamba kama taa za harusini. Risasi za helikopta zilichora mistari myekundu angani. B-52, ndege kubwa za Marekani za kudondosha mabomu, zilipopiga mbali na mji, bilauri zilitetemeka mezani kabla masikio hayajasikia kitu.

Picha hiyo ndiyo inayouzwa leo. Kila mtalii anayefika mji ule, ambao tangu 1976 unaitwa Ho Chi Minh, huambiwa kwamba pale juu ndipo mahali ambapo dunia ilivitazama Vita vya Vietnam. Nimesoma sana habari za baa ile, na kila ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sifa hiyo imekaa kichwa chini. Pale juu watu walitazama kweli. Walioelewa walikuwa chini, barabarani, na hoteli nzima ilihitaji miaka kumi na mitano kugundua hilo.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kwenda mbali kulithibitisha. Panda baa yoyote ya juu ya hoteli inayotazama bandari, jua likianza kuzama. Pantoni ya Kigamboni inavuka mlango wa bandari taratibu kama kijisanduku cha kuchezea, taa zake zinameremeta majini, na unaona raha. Kesho yake asubuhi nenda ukasimame Kivukoni kwenye foleni ya pantoni hiyo hiyo. Harufu ya samaki wa Feri, pikipiki inakukanyaga kisigino, mama mwenye ndoo ya vitumbua anakuomba umsogelee mwanawe asianguke, lango halijafunguliwa na jua limeshapanda. Ni chombo kile kile ulichokiona jana. Cha jana kilikuwa pambo.

Turudi Saigon, tena tuanzie mahali ambapo masimulizi ya watalii huparuka. Jambo kubwa la kwanza kutokea Caravelle halikuwa la Wamarekani. Aprili 1960, hoteli ikiwa na miezi minne tu, wanasiasa 18 wa Kivietinamu, wengi wao mawaziri na maofisa wa zamani, waliwaita waandishi pale hotelini na kutoa waraka wa kumlaumu Rais Ngo Dinh Diem wa Vietnam Kusini. Hawakuwa wakomunisti. Walikuwa watu wa tabaka la juu, wenye suti na shahada, walioogopa kwamba utawala wa familia moja unawasukuma wananchi mikononi mwa waasi. Walisema jela zimejaa watu wasiopelekwa mahakamani, magazeti yamefungwa midomo, uchaguzi ni wa jina tu. Wakamwomba rais ajirekebishe kabla maji hayajazidi unga.

Diem hakusikiliza. Novemba mwaka ule ule wanajeshi walijaribu kumpindua wakashindwa, na baadhi ya wale wazee wa Caravelle wakajikuta ndani. Wawili kati yao, Phan Khac Suu na Tran Van Huong, walikuja kushika madaraka makubwa mwaka 1964, Diem akiwa ameshauawa. Huong huyo huyo alikuwa rais kwa wiki moja tu Aprili 1975, siku za mwisho kabisa za nchi yake. Ningekuwa mimi naandika historia ya hoteli ile, ningeanza na hao. Walionya kwa lugha iliyonyooka, miaka mitano kabla ya majeshi ya Marekani kumiminika nchini.

Agosti 1964 bomu lililipuka ghorofa ya tano ya Caravelle. Hakufa mtu. Wageni waliendelea kupanda lifti.

Kulikuwa na paa la pili hatua chache kutoka hapo, na hoteli hizo mbili huwezi kuzitenganisha. Rex ilianza maisha mwaka 1927 kama jumba la Wafaransa la kuuzia na kutengenezea magari. Baadaye ikapandishwa ghorofa na sinema, na Wamarekani walipofika wakaikodi kuwa makazi ya maofisa wao wa kijeshi. Nao wakawa na baa yao paani. Jina la Rex limeshikamana pia na mikutano ya kila siku ya jeshi na waandishi, iliyofanyika eneo lile saa kumi na moja jioni. Msemaji alisimama mbele ya ramani, akasoma idadi: mashambulizi mangapi, ndege ngapi, maiti ngapi za adui. Waandishi waliipa mikutano ile jina la vichekesho vya saa kumi na moja. Kisha, vichekesho vikiisha, wakavuka barabara wakapanda kwenye baa.

Fikiria mzunguko huo kwa siku moja, halafu uuzidishe kwa miaka. Hesabu unapewa na mtu aliyekaa ofisini, mandhari unaipata kutoka paani, stori unaituma kwa teleksi, unalala kwenye kiyoyozi. Hakuna mahali katika mzunguko huo ambapo mkulima wa bonde la mto Mekong amefungua mdomo. Silaumu kinywaji. Mtu aliyetoka kuona miili asubuhi ana haki ya kukaa mahali penye upepo jioni. Ninacholaumu ni umbali kugeuzwa kuwa ujuzi, mpaka mtu akaamini kwamba kwa kuona mbali ameona ndani.

Mfano wa wazi ni Ap Bac, kijiji kilicho kusini-magharibi mwa Saigon, safari ya saa chache kwa gari. Tarehe 2 Januari 1963, jeshi la Kusini likiwa na askari wapatao 1,400, helikopta za Wamarekani na magari ya deraya, lilikwenda kuwazingira wapiganaji wa msituni wapatao 350. Helikopta tano ziliangushwa. Askari wa Kusini karibu 80 walikufa pamoja na Wamarekani watatu, na usiku wapiganaji wakajiondokea. Kesho yake Jenerali Paul Harkins, mkuu wa majeshi ya Marekani nchini humo, aliwaambia waandishi kwamba adui amenaswa mtegoni na mtego unakaribia kufungwa. Neil Sheehan wa shirika la habari la UPI alikuwa ametoka kutembea ndani ya mtego huo. Alikuwa amekuta maiti na mitaro mitupu. Alijua jenerali anakosea kwa sababu alikuwa na matope ya Ap Bac kwenye viatu.

Wapo waliojua zaidi ya Sheehan, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ukishuka kutoka Caravelle na kuvuka uwanja wa opera, kwenye kona inayotazamana na hoteli kongwe ya Continental, kulikuwa na mgahawa ulioitwa Givral. Ulikuwa wa chini kabisa, dirisha kubwa kwa barabara, kahawa, keki za Kifaransa, aiskrimu. Barabara yenyewe Wafaransa waliiita Catinat, Wavietinamu wa Kusini wakaiita Tu Do, na leo ni Dong Khoi. Givral ilikuwa kituo cha redio mbao ya Saigon. Wenyeji walikuwa na jina lao, Redio Catinat, na kila uvumi wa mji ule, nani kapandishwa cheo, nani anapanga mapinduzi, mchele utapanda bei lini, ulipita mezani pale kabla ya kufika popote.

Meza moja ilikuwa kama ya kudumu ya Pham Xuan An. Alizaliwa 1927 huko Bien Hoa, akasomea uandishi wa habari kwenye chuo kimoja cha California kati ya 1957 na 1959, akarudi kuliandikia shirika la Reuters na kisha jarida la Time. Alikuwa mcheshi, mvuta sigara wa kupindukia, na mara nyingi alionekana na mbwa wake mkubwa, wa aina ile wanayotumia polisi. Waandishi wa Kimarekani walimpenda na walimtegemea. Akiulizwa jambo la siasa za Kusini, alilieleza kwa upole, kwa historia na kwa majina ya wajomba na wakwe waliohusika. Wenzake walimpa cheo cha utani cha Jenerali Givral. Saa za jioni wengi wao walikuwa wakimwacha na kahawa yake, wakapanda zao juu.

An alikuwa jasusi wa Hanoi, makao ya wakomunisti wa Kaskazini, tangu miaka ya 1950.

Usiku aliandika ripoti nyumbani kwake. Nyingine alizipiga picha kwenye filamu, nyingine aliziandika kwa wino uliotokana na wanga wa mchele, ambao hauonekani mpaka karatasi ipakwe iodini. Filamu zilifichwa ndani ya nem, vile viviringo vya nyama vinavyofungwa ndani ya karatasi nyembamba ya unga wa mchele, ukubwa wa kidole, ambavyo sisi tungeviona ndugu wa sambusa. Asubuhi alikwenda sokoni kama mume yeyote aliyetumwa na mkewe. Hapo alikutana na mama mmoja muuza vitu vidogovidogo, Nguyen Thi Ba, ambaye alitia chakula kwenye kikapu na kuondoka nacho. Mzigo uliishia kwenye mahandaki ya Cu Chi, kaskazini-magharibi mwa mji, na kutoka huko safari ikaendelea hadi Hanoi. Baada ya Ap Bac An alipewa nishani kwa siri, kwa sababu uchambuzi wake wa mbinu mpya za Wamarekani ulikuwa umewasaidia wapiganaji kujiandaa na helikopta zile.

Namtazama huyo mama wa kikapu na kujiuliza ni mara ngapi alipita kwenye barabara za mji ule chini ya macho ya watu walioketi juu. Askari wa vizuizi walimpekua mtu kama yeye kila siku na wakaona chakula. Kutoka ghorofa ya kumi angekuwa kofia moja ya majani makavu kati ya kofia elfu.

Sitaki nieleweke kwamba namsifia An kwa kuwasaliti marafiki. Suala hilo lilimtesa hata yeye, na kuna waliomsamehe na wasiomsamehe hadi leo. Mwaka 1970 alisaidia kuokoa maisha ya mwandishi mwenzake wa Time, Robert Sam Anson, aliyekuwa ametekwa Kambodia. Mwishoni mwa Aprili 1975, mji ukianguka, alimtafutia njia ya kutoroka Tran Kim Tuyen, aliyewahi kuwa mkuu wa ujasusi wa Diem, mtu ambaye upande wa An mwenyewe ungemfunga. Ninachosema ni kwamba ujuzi wake ulitokana na kukaa. Alikaa mahali ambapo watu wanapita, akawasikiliza kwa lugha yao, na hakuna kimo cha jengo kinachoweza kufidia hilo.

Walter Cronkite, mtangazaji aliyeaminiwa kuliko wote Marekani, alilielewa hilo kwa namna yake. Mashambulizi ya Tet, yale makubwa ya wakomunisti wakati wa mwaka mpya wa Kivietinamu, yalipoanza mwishoni mwa Januari 1968 alifunga safari kwenda kujionea. Ofisi ya CBS ilikuwa Caravelle, na angeweza kabisa kuripoti akiwa pale. Alikwenda Hue, mji wa kale wa wafalme, ambako wanajeshi walikuwa wakigombania nyumba kwa nyumba, na aliondoka huko ndani ya helikopta iliyobeba miili ya askari 12 kwenye mifuko. Tarehe 27 Februari aliwaambia watazamaji kwamba vita vile vimekwama na vitaishia kwenye mkwamo. Sauti yake usiku ule ilitoka New York, ila uzito wake ulitoka kwenye ile helikopta.

Nawatendea haki na wengine. Zaidi ya waandishi na wapiga picha 60 waliuawa katika vita vile. Dickey Chapelle alikufa 1965 akitembea na doria ya wanamaji. Larry Burrows, Henri Huet, Kent Potter na Keisaburo Shimamoto walikufa pamoja Februari 1971, helikopta yao ilipodunguliwa juu ya Laos. Hao nao bila shaka waliwahi kuonja upepo wa baa za paani. Lakini picha walizotuachia, matope usoni, mkono wa majeruhi ukimtafuta mwenzake, hakuna hata moja iliyopigwa kutoka juu.

Picha maarufu ya paa ilikuja siku ya mwisho, nayo inanisaidia kuliko nilivyotarajia. Tarehe 29 Aprili 1975, Hubert van Es wa UPI alisimama kwenye roshani ya ofisi yao akaona helikopta imetua juu ya kijumba cha lifti, paani mwa jengo la makazi, na msururu wa watu ukipanda ngazi kuifikia. Akapiga. Picha ikazunguka dunia ikiwa na maelezo kwamba ni paa la ubalozi wa Marekani. Halikuwa la ubalozi. Lilikuwa jengo namba 22 mtaa wa Gia Long, walikoishi wafanyakazi wa Marekani, wakiwemo wa CIA. Van Es alisahihisha kosa hilo kwa miaka mingi, na watu wameendelea kuandika ubalozi. Ndiyo picha ya paa inayojulikana kuliko zote duniani, na wengi hatujui tunatazama nini.

Waandishi wachache waliobaki walikuwa kwenye mapaa ya hoteli usiku ule, wakiona moto ukikaribia. Ofisi ya Time ilibaki na mtu mmoja. An alituma ujumbe kwa teleksi kwamba waandishi wote wa Kimarekani wameondolewa na kwamba ofisi sasa iko mikononi mwake.

Washindi waliibadili hoteli jina ikawa Doc Lap. Kwa Kiswahili hilo ni neno moja tu, tena tunalolijua vizuri: Uhuru. Shirika la serikali likaiendesha, mji ukawa maskini, na paa likakaa kimya. Mageuzi ya uchumi yakaanza 1986, wawekezaji wakarudi, na 1998 hoteli ikafunguliwa upya kwa jina lake la zamani, ikiwa na mnara mpya wa ghorofa 24 ubavuni. Baa ikabaki kwenye jengo la kale, sasa inaitwa Saigon Saigon.

Na hapa kuna jambo la kibiashara ambalo naona wachambuzi hulipita haraka. Baa ya 1959 iliuza kimo. Leo haina kimo cha kuuza. Mnara wa Bitexco, uliokamilika 2010, una ghorofa 68. Landmark 81 ya mwaka 2018 ina mita 461. Ukikaa Saigon Saigon, mji unakutazama kutoka juu. Kilichobaki cha kuuza ni kumbukumbu, na kumbukumbu inayouzika kwa mgeni ni ile inayomfanya ajione ameketi kiti cha ripota wa 1967. Wazee 18 wa mwaka 1960 hawauziki. Mama wa kikapu hauziki. Mhudumu aliyebeba sinia juu pale kwa miaka kumi, akisikia mizinga ikielekea labda kijiji alichozaliwa, huyo hata jina hatuna.

Kwetu vita vile havikuwa mbali kama tunavyodhani. Tanzania ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Hanoi Februari 1965, mwezi mmoja kabla ya wanamaji wa Marekani kutua Da Nang. Na msomaji mwenye laini ya Halotel, au ndugu yetu wa Burundi mwenye Lumitel, anapiga simu kupitia kampuni ya Viettel, inayomilikiwa na jeshi la Vietnam, warithi wa wale waliokuwa kwenye giza lile ng'ambo ya mto.

An alitunukiwa ushujaa wa taifa 1976, akafikia cheo cha jenerali wa kweli, akafa Septemba 2006 katika mji ule ule. Miaka minne baadaye jengo zima la Eden, lililokuwa na Givral, lilibomolewa kupisha maduka. Paa la Caravelle limetunzwa vizuri, na kwa hilo nashukuru. Atakayefika huko apande, anywe, atazame jua likizama. Kisha ashuke, avuke uwanja wa opera hadi kwenye kona inayotazamana na Continental, asimame pale dakika kumi watu wakimpita.